Muhogo Mchungu na Faida ya Kuuvundika

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya muhogo. Sisi tukaao Mchikichini hatuulimi. Twanunua unga wake dukani, au sokoni Kariakoo, mweupe na laini. Wala hatujui aliyeutengeneza aliushughulikia kwa siku ngapi. Nazo siku hizo ndizo zitupazo chakula chema au madhara.

Muhogo ni wa namna mbili. Muhogo mtamu huchemshwa na kuliwa siku ile ile. Muhogo mchungu wakulima huupenda kwa sababu wanyama waharibifu hawaukimbilii. Lakini ndani yake mna sumu iitwayo sianidi. Mzizi ukiwa mzima, sumu imefungika ndani. Ukilainika na kuvunda, hufunguka, ikatoka kwa maji na hewa.

Kwa hiyo watu wa Kongo huuloweka muda wa siku 3 au zaidi. Kando ya Ziwa Victoria huumenya, wakaulundika na kuufunika hata uote ukungu. Kisha huukwangua, wakauanika na kuutwanga. Huo ndio udaga. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa juani tu, hubakiwa na sumu nyingi zaidi, maana hukauka kabla sumu haijafunguka yote.

Haraka haraka haina baraka. Mwaka 1985, katika mkoa wa Mara, ukame ulileta njaa, na watu wakafupisha kazi ya kutengeneza muhogo mchungu. Watu wazima na watoto wakapooza miguu ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Hauna dawa ya kuuponya. Aupataye huishi na ulemavu huo maisha yake yote.

Tena, kuvundika huondoa sumu, lakini hakugeuzi muhogo kuwa nyama. Unga wake karibu wote ni wanga utiao nguvu; protini, ijengayo mwili, haifiki sehemu 2 katika 100. Basi yafaa ugali wake uliwe pamoja na dagaa, samaki au kunde. Vyakula hivyo hujenga mwili, na pia huusaidia kuigeuza sumu iliyosalia, ikatoka kwa mkojo.

Je, sisi wanunuzi tufanyeje? Kanuni ya mataifa yasema kwamba sumu isizidi miligramu 10 katika kilo 1 ya unga, lakini hakuna jicho liwezalo kuipima. Iko njia nyepesi iliyovumbuliwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, nayo imetumika Msumbiji na Kongo. Tia unga katika bakuli, uweke alama mahali ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi penye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya ungo, unene usizidi sentimita 1, ukae juani saa 2 au kivulini saa 5, sumu ipate kutoka hewani. Kisha songa ugali siku ile ile, usiulaze.

Mama mwenye haraka ya kupika ataona saa hizo ni nyingi. Lakini mtoto akisha kupooza miguu, hapana saa itakayomrudishia.