Tupa Katika Mfereji Uliopinda: Kueleza Tiba ya Mzizi wa Jino kwa Kiswahili

Katika toleo hili tunaendelea kutazama Kiswahili cha huduma za afya. Safari hii tumechagua jino, hasa ncha ya mzizi uliopinda na jinsi vyombo vya daktari vinavyoiathiri.

Kwa wilaya ya Kasese suala hili lina uzito wake. Pale Mpondwe, karibu na Bwera, mto Lubiriha ndio mpaka, na ng'ambo ya pili ni Kasindi, Kongo. Upande huu wengi husema Lhukonzo. Upande ule husema Kinande na Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini mgonjwa hatibiwi kwa azimio. Asipoelezwa vizuri, huomba jino ling'olewe tu, na jino la ukubwani likishang'oka halioti tena.

Jino na mfereji wake

Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho huteremka mzizini kupitia mfereji mwembamba unaoishia kwenye tundu dogo nchani. Uozo ukifika kwenye kiini, bakteria huingia mferejini, na usaha huweza kukusanyika katika mfupa unaozunguka ncha. Daktari basi hutoa kiini, huusafisha na kuupanua mfereji, kisha huuziba.

Chombo cha kupanulia ni tupa. Ni jamaa ya tupa ya fundi, ila hii ni nyembamba kama sindano. Namba yake hutaja unene wa ncha: namba 15 ni milimita 0.15, namba 25 ni milimita 0.25.

Kwa nini tupa hula upande mmoja

Mizizi mingi, hasa ya magego, haikunyooka. Mwaka 1971 Schneider alipendekeza kipimo: mpindo wa nyuzi 5 au pungufu huhesabiwa kuwa mnyoofu, nyuzi 10 hadi 20 ni wa wastani, na nyuzi 25 hadi 70 ni mkali.

Chuma cha pua kikipindwa hutaka kurudi kilivyokuwa. Kwa hiyo tupa ikiingia konani huukandamiza ukuta wa nje karibu na ncha, na ukuta wa ndani katikati ya kona. Pale inapokandamiza ndipo inapokata zaidi. Kadiri tupa inavyonenepa, ndivyo inavyozidi kukaidi. Mwaka 1975 Weine na wenzake walieleza matokeo yake: tundu la nchani hurefuka upande mmoja na kupata umbo la tone la maji, na juu yake kidogo mfereji hubaki mwembamba kama kiuno cha nyigu. Sehemu pana iliyo chini ya kiuno hicho ni vigumu kuiziba barabara, na bakteria wakibaki humo maradhi huweza kurudi. Pengine tupa huchimba kidato ukutani kinachoizuia kufika mwisho, au hutoboa mzizi kabisa.

Mfano wa mto

Msomaji wa Kasese anaufahamu mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Kwenye kona, maji hula ukingo wa nje. Mfano huu unafaa darasani, lakini mwalimu aseme pia unakomea wapi. Maji hula kwa nguvu ya mwendo wake. Tupa hula kwa sababu chuma kinakataa kupinda. Aidha, tupa hula pia ukuta wa ndani katikati ya kona.

Kujihadhari

Daktari hupima urefu wa mfereji kwa picha ya eksirei, huanza na tupa nyembamba, huipinda ncha yake kidogo kabla ya kuiingiza, na huosha mfereji kwa dawa mara kwa mara. Kwa kawaida husimama nusu milimita hadi milimita moja kabla ya ncha inayoonekana pichani. Mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein walionyesha kuwa tupa za nikeli na titani hunyumbulika mara mbili hadi tatu kuliko za chuma cha pua. Hizi hufuata kona vizuri zaidi. Hata hivyo, zikizungushwa mno konani huchoka na huweza kukatika ghafla, kipande kikabaki ndani.

Maneno ya kuangalia

Tupa hapa ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-: tupa hii, tupa hizi. Isichanganywe na kitenzi kutupa, kwani mgonjwa anaweza kudhani jino lake linatupwa. Kwa mgonjwa tuanze na maelezo, neno lifuate: "Mama, mzizi wa jino lako umepinda. Nitausafisha polepole kwa kijichuma chembamba kiitwacho tupa, ili jino libaki."

Zoezi: Wanafunzi wawili wawili waigize daktari na mzee aliyevuka kutoka Kasindi, anayetaka jino ling'olewe. Daktari aeleze faida na hatari za kutibu mzizi bila neno la Kiingereza. Kisha mzee arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa; hapo ndipo tutakapojua kama maelezo yamefika.