Jino la Mama: Tupandikize, au Tuache Pengo?

Wazazi wetu wana sera moja tu ya afya ya kinywa: dawa ya jino ni kung'oa. Walikuja nayo kutoka Tanga, Kisumu, Bukavu na Barawa, na kusema kweli ilikuwa sera ya busara mahali ambapo daktari wa meno yuko mbali na kuliziba jino ni ghali kuliko kulitoa. Lakini hapa Agincourt, ukitembea Sheppard kutoka Kennedy hadi Brimley, mabango ya kliniki za meno hayakosekani, ya Kiingereza, ya Kichina, na wazee wetu bado wanangoja mpaka shavu livimbe. Jino linang'olewa, pengo linabaki, maisha yanaendelea.

Mama yangu ana miaka 67. Magego mawili ya chini kushoto hayapo. Moja liling'olewa Tanga kabla sijazaliwa, la pili lilitoka hapa miaka mitatu iliyopita. Anatafunia upande mmoja, na vyakula ameviacha kimyakimya bila kumwambia mtu: kwanza mahindi ya kuchoma, halafu nyama ya mishikaki, sasa hata karanga anazitwanga kwanza. Nilipomuuliza akasema ameshazoea. Mtu anazoea nini, kuacha kula?

Basi tukaenda kuuliza habari za jino la kupandikiza. Wengi wenu mnakijua kile kiti cha pembeni: wewe ndiye dereva, ndiye mkalimani, na kadi ya benki ni yako. Daktari akauliza kama mama anatumia dawa zozote. Mama akajibu hapana. Nikamwambia, "Mama, na zile za sukari?" Akanitazama kama mtoto asiyeelewa. "Hizo si dawa, mwanangu, hizo ni za kila siku."

Tukatoka na makadirio ya dola 5,400 kwa jino moja. Moja. Na hiyo ni kama mfupa unatosha.

Kwa asiyejua: ni skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa wa taya, pale ulipokuwa mzizi. Kisha unangoja, mara nyingi miezi 3 hadi 6, mfupa ukue na kuishika, ndipo juu yake linafungwa jino lenyewe. Aliyegundua kwamba mfupa unaikubali titani ni Msweden, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952, akiwa anafanya utafiti kwa sungura. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965, akafariki 2006 akiwa bado anayatumia meno yale. Na hapa mji wetu unaingia: madaktari wengi wa Amerika ya Kaskazini walikuwa na mashaka mpaka mkutano wa 1982 ulioandaliwa na George Zarb wa Chuo Kikuu cha Toronto. Ulifanyika hapahapa Toronto.

Faida zake hazina ubishi mkubwa. Baada ya miaka 10 zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi bado viko mahali pake. Havitoboki. Daraja linataka meno mawili ya jirani yasagwe ili yalibebe, hata kama ni mazima. Kipandikizi kinasimama peke yake. Meno ya bandia ya kuvua ni nafuu, lakini muulize yeyote aliyejaribu kula kashata nayo.

Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine. Jino la kupandikiza halina mshipa wa fahamu. Halikuamshi usiku. Fizi zinaweza kuugua kuzunguka skrubu, mfupa ukaliwa taratibu kwa miaka, na mwenyewe hasikii kitu mpaka jino lianze kucheza. Sasa fikiria mtu ambaye maisha yake yote maumivu ndiyo yaliyomwambia aende kwa daktari. Huyo ndiye tunayetaka kumwekea kitu kisichouma. Kinahitaji mswaki, uzi wa kusafishia katikati ya meno, na kwenda kukaguliwa hata kama hujisikii vibaya, mwaka baada ya mwaka. Nani atampeleka? Mimi nina kazi Markham, dada yangu yuko Calgary.

Halafu kuna mwili wenyewe. Sukari isiyodhibitiwa inachelewesha kidonda kupona, vilevile sigara na shisha (ndiyo, na nyinyi nawatazama). Baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa, ambazo mama zetu wengi wanaandikiwa, zinaweza kwa nadra kufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya upasuaji, kwa hiyo zitajwe, hata kama ni "za kila siku". Na chini ya magego ya chini unapita mshipa wa fahamu wa mdomo. Ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Ndiyo maana wanapiga picha ya pande tatu kabla ya kutoboa. Picha hiyo usiikatae kwa ajili ya bei.

Kuhusu fedha, wengi tunachanganya. OHIP hailipii matibabu ya kawaida ya meno. Mpango wa taifa wa meno, ule wa CDCP ulioanza kulipia wazee mwaka 2024, ni kwa familia yenye kipato cha chini ya dola 90,000 kwa mwaka na isiyo na bima ya meno. Unalipia kung'oa, kuziba na hata meno ya bandia ya kuvua. Vipandikizi haulipii. Bima yangu ya kazini haimtambui mama kama tegemezi. Nafuu iliyobaki ni kliniki ya Kitivo cha Udaktari wa Meno cha Chuo Kikuu cha Toronto, mtaa wa Edward, ambako wanafunzi wanatibu wakisimamiwa, kwa bei ya chini na miadi mingi zaidi. Na stakabadhi zote tunza, zinaingia kwenye kodi kama gharama za matibabu.

Kaka yangu anasema tungoje Desemba, tukafanye Dar. Wapo mabingwa wazuri Dar na Nairobi, wala sina wasiwasi na mikono yao. Wasiwasi wangu ni kalenda. Likizo ya wiki tatu haimalizi kazi ya miezi sita, kwa hiyo ni safari mbili, na tiketi zinakula ile nafuu. Likilegea Februari, theluji mpaka magotini, utampigia nani? Mkiamua hivyo, ombeni kadi iliyoandikwa aina ya skrubu na vipimo vyake, maana daktari wa huku asipoijua hatakuwa na kifaa cha kuifungua.

Mama mwenyewe ana hoja yake. "Dola elfu tano mdomoni mwa bibi kizee, na nyumba ya Tanga haijaezekwa?" Sina jibu la haraka kwa hilo. Wala pengo si aibu kwa kila mtu: bibi za rafiki zangu Wajaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini makusudi, ilikuwa alama ya utu uzima. Lakini kule Nebraska wakimbizi wa Kidinka na Kinuer, waliong'olewa vivyo hivyo utotoni, baadhi yao waliomba kurudishiwa meno, na wakawekewa vipandikizi. Kila mtu na anachokitaka mdomoni mwake. Ninachokataa mimi ni mama kuamua kwa kujihesabu mwisho.

Ninyi mlio chini ya miaka ishirini mliovunja jino la mbele kwenye kikapu: msiharakishe. Taya likiwa bado linakua, kipandikizi hakisogei nalo, na baadaye kitaonekana kifupi kuliko wenzake. Vaeni la bandia kwanza. Na wote, mkiambiwa jino ling'olewe, ulizeni siku hiyohiyo nini kitakaa mahali pake. Ndani ya miezi 12 upana wa mfupa wa pale unaweza kupungua karibu nusu, na kuujaza tena ni bili nyingine. Pengo la Tanga la mama lina zaidi ya miaka 35. Daktari aliangalia picha akasema pale hata asijaribu bila kupandikiza mfupa kwanza.

Kwa hiyo tunazungumzia lile la pili tu. Daktari anataka sukari ishuke kwanza. Tumekubaliana miezi mitatu, mama anatembea kila asubuhi kuzunguka mtaa na jirani yake wa Kitamil, hawana lugha moja lakini wanaelewana. Kaka na dada wameshatuma sehemu zao. Mama bado anauliza bei ya bati.