Kwa Nini Hema Halisimikwi Sakafuni mwa Korongo la Hell's Gate

Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Humo mna korongo la Ol Njorowa, lililochongwa na maji yaliyofurika kutoka ziwa la kale.

Wakati wa kiangazi kijito cha humo huwa chembamba, hata mtoto hukiruka. Mchanga laini na kivuli cha miamba humvutia anayetafuta pa kulala, na mvuto huo ndio unaohadaa. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mbali, maji huteremka kwa kasi juu ya ardhi kavu isiyoweza kuyameza yote, kisha hubanwa baina ya kuta za mawe. Kina hupanda kwa dakika chache, pengine anga juu ya korongo ikiwa ingali kweupe.

Mwaka 2012 kundi la vijana waliokuwa matembezini lilisombwa humo. Septemba 2019 watu saba walipoteza maisha, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalifunga korongo.

Wapiga kambi, basi, watumie maeneo yaliyotengwa pekee, yaliyo juu mbali na mkondo. Langoni wawaulize askari wa wanyamapori kuhusu mvua ya milimani, si ya mbugani tu.