Siku Tatu za Mombasa kwa Mfanyakazi wa Industrial Area

Safari fupi ya mjini ni mapumziko ya siku mbili hadi nne ambayo msafiri huyatumia katika mji mmoja tu, akiutembea kwa miguu, akila vyakula vyake na kuyatazama majengo yake ya kale. Wakazi wa kaskazini mwa Ulaya wamezoea kuikimbia baridi yao kwa kwenda katika miji yenye jua ya kusini kama vile Lisbon na Seville, lakini Mkenya anayetaka kufika huko hana budi kwanza kuomba viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kuingia katika nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 mtu mzima huilipia yuro 90, tena awe na bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000. Kwa mfanyakazi anayeishi Makongeni, Mbotela au Mukuru na kuingia kiwandani Industrial Area jijini Nairobi kila asubuhi, mji wa jua, bandari na ngome ya Kireno uko karibu zaidi, nao ni Mombasa.

Uhusiano wa sehemu hizi mbili ni wa tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na viwanda vya Industrial Area vilijengwa kando yake ili mizigo ya bandarini ivifikie kwa urahisi, huku mitaa ya Muthurwa na Makongeni ikiwa makazi ya wafanyakazi wa reli.

Mpango wa safari huanza na kalenda. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo haki ya likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku mbili za likizo hiyo zikiunganishwa na mwisho wa juma hutosha kwa safari nzima. Hali ni ngumu zaidi kwa kibarua anayelipwa kwa siku, kwa kuwa kila siku asiyofika kazini humpunguzia kipato. Kwake yeye hesabu ya siku alizokosa ni sehemu ya gharama, sawa na nauli, na inafaa kuwekewa akiba katika chama mapema.

Baada ya siku huja majira. Pwani hupata mvua nyingi za masika kati ya Aprili na Juni, hasa mwezi wa Mei, ilhali Januari na Februari, wakati wa upepo wa kaskazi, huwa na joto kali. Julai hadi Septemba, Nairobi inapokuwa na baridi na mawingu, upepo wa kusi huipoza Mombasa hata kutembea mchana kukawa rahisi. Desemba huwavutia wengi kwa sababu shule zimefungwa na viwanda vingi vimesimamisha kazi, lakini ndio mwezi ambao vyumba hupanda bei na tiketi huisha mapema.

Kisha huja usafiri. Treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondoka Syokimau karibu na Nairobi na kufika Miritini upande wa Mombasa kwa muda wa saa tano hadi sita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima imekuwa shilingi 1,500 kwenda tu, na msafiri hushauriwa kufika kituoni saa moja kabla, kwani mizigo hukaguliwa. Treni ya usiku huokoa gharama ya kitanda, lakini hufika kabla ya alfajiri, hivyo mwenye watoto afadhali achague ya mchana. Miritini iko mbali na kisiwa cha Mombasa, na nauli ya matatu au teksi kutoka hapo isisahauliwe katika bajeti.

Siku ya kwanza yafaa kuwa ya Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ambayo Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, ambayo Waingereza waliigeuza gereza, na ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Asubuhi huanza kwa mahamri na mbaazi, na jioni huishia ufukweni Mama Ngina kwa viazi karai na madafu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni makazi ya watu, kwa hiyo mgeni huvaa mavazi ya heshima na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha; mwezi wa Ramadhani, asile hadharani mchana.

Siku ya pili ni ya bahari, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, usio na kiingilio. Siku ya tatu, kabla ya treni, itumike Haller Park, mahali palipokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, hasa mivinje, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Mkazi wa kando ya Mto Ngong jijini Nairobi, uliochafuliwa na taka za viwanda, ataona hapo kwamba ardhi iliyoharibiwa na kiwanda inaweza kuponywa watu wakiamua.

Likizo si anasa ya matajiri, bali ni haki iliyoandikwa katika sheria. Mfanyakazi wa Industrial Area na aiombe kwa maandishi, akate tiketi mapema, na awachukue wanawe wakauone mji ambako reli ya mtaa wao ilianzia.