Dola mbili hadi kwenye barafu ya Mendenhall

Meli za kitalii zinapofunga kamba Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, abiria hushuka gatini na kupokewa na watu walioshika vibao. Vibao vingi vinatangaza jambo moja: safari ya kwenda kuitazama barafu ya Mendenhall, kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji. Hatua chache kutoka hapo, bila kibao wala mpiga debe, lipo basi la manispaa ambalo nauli yake ni dola 2. Makala haya yanahusu basi hilo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga ratiba za mabasi, kwa hiyo nilipanda kwa udadisi wa kikazi kuliko ubahili. Ubahili nao ulikuwepo.

Nianze na habari inayowakatisha watu tamaa: basi halifiki kwenye barafu. Basi hilo, Capital Transit, ni huduma ya wakazi wa Juneau, watu elfu thelathini na kitu, na linawapeleka wanakokwenda kila siku: kazini, shuleni, dukani, hospitalini. Linazunguka barabara ya Mendenhall Loop, linakuacha inapochepuka ile ya Glacier Spur, na kutoka hapo unatembea kama kilomita 2.4 hadi kituo cha wageni. Eneo lenyewe liko ndani ya msitu wa taifa wa Tongass, na kampuni zinazoingiza abiria mpaka mlangoni zinahitaji kibali cha Idara ya Misitu ya Marekani. Abiria wao hulipa zaidi ya mara kumi ya nauli ya basi, na hawatembei.

Kabla ya barafu kuna saa, na hapa ndipo safari hii inapoharibika au kufanikiwa. Meli nyingi za huko hutokea Seattle au Vancouver, na saa za Alaska ziko nyuma ya miji hiyo kwa saa moja. Nahodha anaweza kubadilisha saa ya meli au asibadilishe. Simu yako itajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, bila kumwuliza nahodha. Sisi tunaosema saa mbili huku mshale ukiwa kwenye nane mtu angedhani tungekuwa wazoefu wa kuishi na saa mbili kichwani, lakini nimemwona mwenzetu akikimbia gatini viatu mkononi. Kabla ya kushuka, mwulize mhudumu aliye mlangoni meli inafuata saa ipi, kisha ivae hiyo mkononi.

Hesabu yenyewe hufanywa kwa kurudi nyuma, kuanzia mwisho. Tuseme meli imefika saa 2 asubuhi na itang'oa nanga saa 11 jioni. Abiria wote watatakiwa wawe ndani saa 10 na nusu. Toa saa nzima ya tahadhari, kwa sababu meli haimsubiri mtu aliyekuja kivyake. Uwe gatini saa 9 na nusu. Ikiwa mmefunga gati la mbali kabisa, liitwalo AJ, kutembea kutoka kituo cha mabasi cha mjini ni dakika 25 au zaidi, hivyo basi lako liwe limeingia mjini saa 9 na dakika chache. Basi huchukua takriban dakika 45. Ina maana ulipande kule Loop mnamo saa 8 na dakika 20, na ili ufike kituoni kwa miguu bila kuhema, uiage barafu saa 8 kasorobo. Upande wa kwenda, ukishuka melini saa 2 na nusu na kusubiri basi hadi nusu saa, utakuwa mbele ya barafu mnamo saa 5 kasorobo. Unabaki na saa tatu. Zinatosha kabisa. Lakini meli inayokaa bandarini saa sita tu haikupi hata saa moja, na hapo mimi mwenyewe, mtu wa mabasi, ningelipa teksi. Vivyo hivyo ukiwa na mtoto wa kubeba au goti linalokusumbua.

Namba na saa za mabasi hubadilishwa mara kwa mara, na Jumapili huduma hupungua, kwa hiyo ratiba ichukuliwe mpya, si ya rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Na uwe na nauli kamili. Hakuna konda. Kuna kisanduku kando ya dereva, unatumbukiza fedha, na kisanduku hakina chenji. Mimi nilikuwa na noti ya dola 20, nikaenda kununua pakiti ya pipi nisizozitaka, na niliporudi nililiona basi kwa nyuma. Kosa la mwanafunzi, limefanywa na mwalimu.

Lililofuata lilikuwa nusu tupu. Watalii tulikuwa wanne. Waliobaki walikuwa wenyeji waliovaa mabuti ya mpira ya rangi ya kahawia, ambayo huko ni kama kandambili kwetu: ya sokoni, ya kazini, na wengine hata harusini. Mama mmoja mwenye mifuko miwili ya duka alinikagua viatu vyangu vya kitambaa, akatazama mvua dirishani, hakusema kitu. Barabara inafuata mlangobahari wa Gastineau, inapita Lemon Creek, inaingia bonde la Mendenhall lenye nyumba za kawaida, shule na viwanja vya kuegesha magari. Hakuna barabara inayounganisha Juneau na miji mingine. Unafika kwa maji au kwa ndege. Ndiyo maana basi hili lina hali ya kijiji: dereva anajua nani anashuka wapi. Kushuka hakuombwi kwa kupiga kelele "shusha!" bali kwa kuvuta kamba iliyo juu ya dirisha. Nilichelewa kuivuta. Yule mama akanivutia.

Sasa zile kilomita 2.4. Waelekezaji wengi wanazitaja kama adhabu ya nauli ya bei nafuu. Mimi naona ndizo zinazofanya safari iwe na maana, na aliyekuja na gari la kulipia huzipita kwa dakika tatu akitazama simu.

Katikati ya karne ya 18, baridi ya karne kadhaa ilipokuwa kileleni, ncha ya barafu ilikuwa karibu na hapo unaposhuka basi. Tangu wakati huo imerudi nyuma kilomita 4 hivi. Ukitembea kwenye njia ya lami pembeni mwa barabara unakwenda juu ya ardhi ambayo barafu iliiachia, na kadiri unavyosonga ndivyo ardhi inavyozidi kuwa changa. Huhitaji kibao, itazame miti. Mwanzoni ni misonobari mirefu ya aina za sprusi na hemloki, yenye kuvumwani mashinani na kivuli kizito. Mbele kidogo inapungua unene, inachanganyika na mipopla wanayoiita kotonwudi. Ukikaribia ziwa unakuta vichaka vya alda na mierebi, miti ya kwanza kuota penye kokoto tupu. Alda inaishi na bakteria mizizini wanaokamata naitrojeni ya hewani, kama yanavyofanya maharage shambani, na mbolea hiyo huisaidia misonobari inayokuja baadaye. Humo msituni kuna matuta marefu ya mawe yaliyochanganyika na mchanga, makubwa kwa madogo bila mpangilio. Maji yanayotiririka hupanga mawe yake kwa ukubwa. Barafu hutupa tu pale inapoyeyukia.

Kisha mwamba. Karibu na kituo cha wageni umesuguliwa ukawa laini kama kinu cha zamani, na juu yake ipo michirizi iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Niliinama nikapitisha kidole kwenye mmoja. Ulikuwa na kina cha ukucha, umejaa maji ya mvua. Barafu peke yake ni laini mno kuchora mwamba. Kinachochora ni mawe iliyoyashika tumboni na kuyaburuza. Unga unaotokana na msuguano huo ndio unaolifanya ziwa liwe na rangi ya kijivu kama maji yaliyooshewa mchele.

Ziwa lenyewe ni changa kuliko babu yangu. Lilianza kujitokeza mnamo 1929 na 1930, barafu iliporudi nyuma na kuacha shimo lililojaa maji. Kituo cha wageni kilifunguliwa 1962, cha kwanza cha Idara ya Misitu katika Marekani nzima, kikiwa na madirisha makubwa yaliyoielekea barafu. Madirisha yamebaki palepale. Barafu imeendelea kusogea mbali nayo, na makadirio yaliyotolewa ni kwamba kufikia 2050 huenda isionekane tena kutokea hapo.

Vitabu vyetu vya jiografia huuita mto wa barafu barafuto, na neno "mto" linasaidia, maana kitu hiki kinatiririka. Mtu wa mabasi huona njia yenye abiria. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Pasifiki hugonga milima ya pwani, hupanda, hupoa, na kumwaga theluji nyingi mno juu ya uwanda wa barafu wa Juneau, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,900 hivi. Theluji hukandamizwa na ile inayofuata mpaka hewa inakaribia kuisha na inakuwa barafu, kisha uzito wake unaisukuma chini bondeni. Mendenhall ina urefu wa kilomita 21, na safari ya kutoka juu hadi chini huchukua kama karne mbili. Wapandao juu wakilingana na washukao chini, ncha hukaa mahali pamoja ingawa barafu haisimami. Joto likizidi, wanaoshuka ni wengi kuliko wanaopanda, na njia inafupishwa. Barafu haijageuza uelekeo. Bado inakuja kuelekea kwako, ila inayeyuka kabla haijafika.

Wingi huo wa theluji ndio unaojibu swali la Mtanzania yeyote, la kwa nini barafu iko chini hivi. Kuifikia barafu ya Kilimanjaro ni siku kadhaa za kupanda, karibu na kilele cha mita 5,895. Hapa barafu imeteremka hadi jirani na usawa wa bahari, na unaifikia kwa basi.

Kuhusu rangi: barafu nzito humeza mwanga mwekundu na kuurudisha wa buluu, na siku ya mawingu buluu hiyo huonekana zaidi kwa sababu jua haliijazi weupe. Kwa hiyo mvua isikusikitishe. Huko Juneau utaipata mara nyingi kuliko jua.

Katika saa zako tatu, moja na nusu ipe njia tambarare ya kwenda maporomoko ya Nugget, yanayoshuka mita 115 hadi ukingoni mwa ziwa. Zamani maji hayo yalikuwa yakiangukia juu ya barafu yenyewe. Kuanzia katikati ya Julai samoni wekundu hupanda kijito cha Steep Creek, na dubu weusi huja kuwavua chini ya daraja la mbao unalosimama. Chakula kiache melini. Kwenye ziwa lililoganda au kwenye vipande vinavyoelea usikanyage, hata ukimwona mwingine akifanya hivyo. Vipande hupinduka bila onyo.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani. Barafuto ndogo iliyokuwa ikiungana na Mendenhall kutoka pembeni ilirudi nyuma, ikaacha bonde lililozibwa na ukuta wa Mendenhall yenyewe. Bonde hilo, Suicide Basin, hujaa maji ya mvua na ya theluji, na tangu 2011 limekuwa likijitoboa chini ya barafu na kumwagika ziwani, kisha katika mto utokao humo. Agosti 2023 mto ulibomoa kingo na kuondoka na nyumba. Agosti 2024 uliingia katika mamia ya nyumba. Agosti 13, 2025 ulivunja rekodi ukafikia futi 16.65, kama mita 5, ingawa safari hiyo manispaa ilikuwa imepanga vizuizi vya mchanga kandokando na nyumba nyingi zikanusurika. Wageni wa Agosti wasikilize matangazo, maana njia hufungwa.

Jina nalo lina safari yake. Watlingit wa Áakʼw, wenyeji wa asili wa hapo, waliiita barafu iliyo nyuma ya ziwa dogo. Mwanamazingira John Muir aliipitia 1879 akaiita Auke, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikapewa jina la Thomas Corwin Mendenhall, msimamizi wa idara ya upimaji wa pwani.

Nilirudi kituoni dakika kumi kabla, nikiwa nimelowa mpaka soksi, nikasimama chini ya msonobari mmoja mnene. Nyumba zile za bondeni zimejengwa juu ya kokoto za barafu, na ardhi yao inapanda zaidi ya sentimita moja kila mwaka, ikinyanyuka taratibu baada ya kutuliwa mzigo, kiasi kwamba Juneau bahari inashuka badala ya kupanda. Basi lilichelewa dakika nne. Safari hii nilikuwa na noti mbili za dola moja, zimelowana, na kisanduku kikazikataa mara mbili. Dereva akazichukua, akazinyoosha kwenye paja la suruali yake, akazitumbukiza mwenyewe, akafunga mlango.