Mkono wako unajua maandazi: njia ya kuwa mpishi wa vitindamlo Brussels



Wengi wetu hapa Laeken tunapika vitu vitamu nyumbani: maandazi ya asubuhi, kaimati za Ramadhani, keki ya sherehe ya jirani. Huenda umeshaambiwa, "Mama, hizi ungeziuza!" Makala hii inaeleza jinsi ustadi huo unavyoweza kuwa kazi ya mkataba katika mgahawa, na mahali ambapo watu hujikwaa.

Kazi yenyewe

Mgahawani, anayetengeneza vitindamlo, yaani vitu vitamu vya kumalizia mlo, huitwa pâtissier. Mwokaji wa mikate huamka usiku ili mkate uwe tayari asubuhi. Pâtissier wa mgahawa huoka, huchemsha krimu na kugandisha aiskrimu mchana, kisha jioni hupanga sahani moja moja wateja wanapoagiza. Kazi huisha usiku, na wikendi ndiyo yenye shughuli nyingi. Kabla ya kukubali, panga nani atabaki na watoto.

Wengi huanza kama commis, msaidizi anayepima, kumenya na kusafisha. Baadaye hukabidhiwa sehemu yake ya jiko. Juu yupo chef pâtissier, anayebuni menyu, kupiga hesabu ya gharama na kufundisha wengine.

Ubunifu unaanzia kwenye ladha

Hapo una mtaji. Speculoos, biskuti maarufu ya Ubelgiji, hutiwa mdalasini na mara nyingi karafuu, ladha ambazo mtu wa Zanzibar au Mombasa anazijua tangu utotoni. Vanila hulimwa Uganda, na kakao hulimwa Beni. Pierre Marcolini, mzaliwa wa Charleroi, alipata ubingwa wa dunia wa upishi wa vitu vitamu mwaka 1995. Alijenga jina lake hapa Brussels kwa kushughulikia kakao kuanzia mbegu. Anayeijua malighafi yake ana la kusema jikoni.

Lakini jiko la mgahawa halipimi kwa kikombe wala kwa macho. Kila kitu ni gramu, kwa sababu sahani ya leo lazima ifanane na ya jana. Anza wiki hii: pima maandazi yako kwa mizani, andika, rudia mara tatu. Ya tatu yakifanana na ya kwanza, una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Jifunze pia vile vyakula 14 vinavyosababisha mzio ambavyo sheria ya Ulaya inataka mteja ajulishwe, vikiwemo karanga, maziwa, mayai na ufuta.

Pa kuanzia

Ukishatambuliwa kuwa mkimbizi, huhitaji kibali cha kazi. Jiandikishe Actiris na uulize kuhusu mafunzo ya upishi na ya lugha. Kifaransa au Kiholanzi cha jikoni hujifunzwa haraka zaidi ukiwa kazini, lakini lazima uelewe maagizo ya usalama. Shule za upishi za Kifaransa na za Kiholanzi zipo kwenye kampasi ya CERIA/COOVI, Anderlecht: panda metro namba 6 kutoka Bockstael, badilisha Gare de l'Ouest, kisha namba 5 hadi kituo cha CERIA.

Ukisaidiwa na CPAS, muulize mhudumu wako kuhusu mkataba wa "Article 60", ambao hukupa kazi na uzoefu. Kama ulishafanya kazi hii nyumbani lakini huna cheti, uliza kuhusu Validation des compétences: unapimwa kwa vitendo, na ukifaulu unapewa hati.

Jihadhari

Usikubali kuanza "kwa muda tu" bila karatasi. Mwajiri lazima akuandikishe kwa njia ya Dimona kabla hujaanza kazi. Bila hilo, ukiungua au ukianguka jikoni, itakuwa shida kupata haki yako.

Kuuza keki kutoka nyumbani nako ni biashara. Jiandikishe kwanza AFSCA (kwa Kiholanzi FAVV), na ukipokea msaada wa CPAS, wajulishe mapato yoyote.

Ukija kumwona mshauri wetu, njoo na lile daftari la gramu. Tutaanzia hapo.