Tegu na Safari Yake

Leo nataka kuwaelezeni habari za mdudu akaaye tumboni mwa watu, ambaye wengi humtaja lakini wachache wamjua. Jina lake ni tegu.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu alinijia siku moja, amekonda. Alikuwa amekwisha kunywa dawa ya minyoo mara tatu bila kupata nafuu. Nikamwuliza, "Waona nini uendapo chooni?" Akainama kwa haya, akajibu, "Mwalimu, naona vipande vyeupe, bapa, mfano wa mbegu za maboga, navyo vyajongea." Nikasema, "Je, hayo ulimweleza daktari?" Akajibu, "La, Mwalimu, nilimwambia nina minyoo tu." Basi, hapo ndipo lilipokuwa kosa.

Neno minyoo ni kama neno ndege. Tai ni ndege na kanga ni ndege, lakini mtego wao si mmoja. Iko minyoo ya mviringo, mirefu kama ya udongoni. Iko minyoo midogo iletayo safura, ambayo huingia kwa ngozi ya miguu na kunyonya damu. Na yuko tegu, aliye bapa. Tena wazee wetu hutumia neno mchango kwa maumivu mengi ya tumbo, hata yasiyoletwa na mdudu. Mgonjwa asiyetaja alichokiona humficha daktari adui.

Wataalamu humwita tegu Taenia, neno la Kilatini lenye maana ya utepe, na kweli jina lamfaa. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mtama, nacho kina vikombe vinne vya kujishikizia katika utumbo. Nyuma ya kichwa hufuata pingili, moja baada ya moja, hata kupita elfu. Tegu wa ng'ombe aweza kupita urefu wa mita tano. Hana kinywa wala tumbo. Hufyonza chakula chetu kwa ngozi yake. Pingili za mwisho zikipevuka hujaa mayai maelfu kwa maelfu, kisha hukatika na kutoka.

Je, huingiaje? Sisi watu wa Tabora twajua habari za misafara. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora, mwaka 1857, walikuta njia ya kutoka pwani hata Ujiji imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Msafara ule uliishi kwa vituo. Kituo kikikosa maji, safari imekatika. Tegu naye yu vivyo hivyo, ila vituo vyake ni viwili tu: mtu na ng'ombe. Mtu akijisaidia porini, mayai hubaki majanini. Ng'ombe hula majani yale, na watoto wa tegu hutoboa utumbo wake, wakachukuliwa na damu mpaka katika nyama. Humo kila mmoja hujifanyia kifuko cha maji, kidogo kama punje ya mbaazi au pungufu yake. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kichwa hutoka katika kifuko, hushika utumbo, na baada ya miezi miwili au mitatu pingili huanza kutoka. Fikirini kambi ya watu mamia wasio na choo, ng'ombe walisha papo hapo, na nyama yabanikwa upesi kabla ya safari ya alfajiri. Tegu aliweza kusafiri nao bila kubebwa na mpagazi.

Zamani hata wataalamu wa Ulaya walidhani mdudu huyu huzuka tumboni mwenyewe. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Küchenmeister, alichapisha habari za mfungwa aliyehukumiwa kufa, ambaye alilishwa vifuko vya nyama ya nguruwe pasipo kujua. Alipokwisha kuuawa, mategu machanga yalionekana utumboni mwake. Tendo lile halisifiki, lakini njia ya tegu ilijulikana.

Sasa sikilizeni vema. Tegu wa nguruwe ana hatari kubwa zaidi. Mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, watoto wake hufanya vifuko katika mwili wa mtu mwenyewe, hata katika ubongo, na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote aweza kudhurika, ikiwa jirani yake ana tegu na hana choo. Wagonjwa wangapi wa kifafa wametengwa kwa kudhaniwa wana pepo! Kifafa kina sababu nyingi, na hii ni mojawapo. Hakiambukizwi kwa kumshika mgonjwa wala kwa kula naye.

Basi tukate safari ya tegu katika kila kituo. Tuchimbe choo na kukitumia. Nguruwe wafungiwe. Tununue nyama yenye muhuri wa mkaguzi, maana yeye hupasua taya, ulimi na moyo akitafuta vifuko. Tupike nyama hata ndani isibaki nyekundu. Tunawe mikono kwa sabuni. Na aonaye pingili aende hospitali, aseme wazi alichokiona, na kama amepata kuanguka kifafa aseme pia, ili daktari achague dawa kwa hadhari.

Mwanafunzi wangu alirudi hospitali, akasema yote, akapewa dawa ya tegu, akapona. Mficha uchi hazai, ndugu zangu.